Kurudi kwenye mazoezi ya nyumbani

SWALI: Niliacha programu yangu ya mazoezi ya nyumbani karibu mwaka mzima uliopita. Je, niendelee nilipoishia? – Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: La, ndugu msomaji. Rudi wiki ya kwanza, tena kwa nusu ya seti (mizunguko ya kurudia zoezi) ulizozizoea, kwa sababu misuli hurejea katika hali yake mapema kuliko kano, yaani nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa, na ndiyo maana wengi huumia magoti na mabega wakati tayari wanajiona wana nguvu. Pushapu zipige kwanza ukiwa umeegemea ukingo wa meza imara, mwili ukinyooka kuanzia kisigino hadi kichwani, kisha ndipo ushuke sakafuni. Misuli kuuma siku ya pili ni kawaida. Kiungo kikichoma au kuvimba, simama, umwone daktari.