Hiyo alama ya kutoa usiidharau

Jana usiku dogo mmoja wa S.5 (kidato cha tano) hapa Jinja, Uganda, kanitumia meseji: "Ticha, hizi alfa na beta za nini wakati fomula ipo?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana alfa na beta ndizo zilizoniumbua mimi nikiwa S.6.

Kwenye moku, mtihani wa majaribio, tulipewa 3x² − 5x + 1 = 0, mizizi yake (thamani za x zinazoutimiza) ikiitwa α na β, ndizo hizo alfa na beta, tutafute mlinganyo wenye mizizi α² na β². Jirani yangu kaingia na fomula ya kutafuta mizizi yenyewe, katoka na (5 ± √13)/6, akaanza kuzipandisha kipeo cha pili jasho linamtiririka. Mimi nikamwona mshamba. Mlinganyo ukiwa ax² + bx + c = 0, jumla ya mizizi ni −b/a, zao lake (ukiizidisha) c/a, basi, vitu vya Viète hivyo, Mfaransa wa karne ya 16 ambaye kazi yake ilikuwa uwakili. Ila kwa haraka zangu nikaandika jumla −5/3 badala ya 5/3, na jibu likatoka sawa! Kwa sababu α² + β² ni jumla mara jumla, toa zao mara mbili, yaani 25/9 − 2/3 = 19/9, na ile kutoa ikamezwa humo humo. Nikaandika 9x² − 19x + 1 = 0, nikajiona profesa.

Sehemu ya pili, 1/α + 1/β. Jumla gawa kwa zao, nikapata −5. Ya tatu, α³ + β³, nikapata −80/27. Zote mkasi, nimekosa. Mwalimu akasoma maksi zangu mbele ya darasa zima, watu wakacheka, na sitaficha, bado inaniuma.

Sasa nyie mnaokimbilia kukariri, mngeuuliza mlinganyo kwanza! Zao ni 1/3, chanya, kwa hiyo mizizi hii ina alama moja, jumla nayo chanya, basi yote chanya, sasa −5 itatoka wapi? Sekunde kumi tu hizo. Na ile 3 ya mbele ya x² gawa nayo, acheni uvivu, kila mwaka nawaambia.

Dogo nimempa 2x² + 7x + 3 = 0 aniambie alama za mizizi bila kuitafuta. Asubuhi kajibu: "Yote hasi, ticha." Nimemwambia aje Jumamosi na daftari.