Turbo Haikuhama, Dereva Ndiye Aliyehama: Kuhusu Paipu za Turbo za Marekani kwenye Subaru Zetu

Juzi msomaji mmoja wa Donholm amenitumia ujumbe: "Bro, paipu yangu ya turbo imefika kutoka Marekani. Fundi anasema inagusa kidogo upande wa dereva, lakini anaweza kuipiga denti ama asogeze paipu ya breki. Nimwambie aendelee?"

Nilimjibu kwa neno moja: hapana. Baadaye nikaona neno moja halitoshi. Maswali ya aina hii yananijia kila mara, na mimi mwenyewe nina kinyongo na jambo hili ambacho hakijaisha hadi leo.

Ukiwa unasoma hapa nachukulia wewe ni mwenzangu. Una Forester ya SG5 au Impreza yenye injini ya turbo ya EJ20, umeshabadilisha ekzosti, na sasa umechoshwa na ile intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, inayokaa juu ya injini. Ukikwama Thika Road jioni, magari hayasongi, hewa haiingii kwenye tundu la boneti, na joto lote la injini linapanda kuipasha intakula iliyo juu yake. Foleni ikifunguka unakanyaga mafuta na gari limelegea kabisa. Ndiyo maana watu wanahamisha intakula mbele, nyuma ya bampa, inakopigwa na upepo. Ukishaihamisha unahitaji paipu mpya ya kuitoa hewa kwenye mdomo wa turbo hadi huko mbele. Hiyo ndiyo paipu tunayoizungumzia.

Na hapa Nairobi turbo ina kazi kubwa kuliko Mombasa. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Ukitaka busti (kanieneo ya ziada ya turbo) ya bar 1, turbo ya Mombasa inazidisha hewa mara 2. Yako ya Lang'ata inaanza na hewa ya bar 0.8 na lazima ifike 1.8, yaani mara 2.25. Hewa ikibanwa zaidi inapata joto zaidi. Kwa hiyo anayekuambia intakula ya mbele ni mapambo, mwambie aje aendeshe Limuru Road mchana wa Februari halafu mzungumze.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwenye injini za EJ za Forester na Impreza hizi, turbo inakaa nyuma, upande wa kulia wa gari. Gari liwe la Japani, la Marekani au la Kenya, turbo iko palepale. Kule Marekani Forester XT, ile ya turbo, iliuzwa na usukani wa kushoto, kwa hiyo busta ya breki (inayoongeza nguvu ya mguu wako), masta (silinda inayosukuma mafuta ya breki) na paipu zake nyembamba za chuma vyote vikawa kushoto, mbele ya dereva. Kona ya kulia ikabaki na nafasi. Mtengenezaji wa paipu wa kule akiikuta nafasi hiyo anaitumia: anakunja kona pana, nzuri, hewa ipite bila kusongwa. Haimhusu kwamba kwetu kona hiyohiyo ina busta, masta na kichupa cha mafuta ya breki. Turbo haikuhama. Aliyehama ni dereva, na alipohama alikuja na breki zake.

Mimi nililijua hilo kabla ya kununua. Naomba hili lieleweke, kwa sababu hadithi imezungushwa kwa njia nyingine kwenye makundi ya WhatsApp. Nilimuuliza muuzaji, duka moja la hapa mjini ambalo silitaji, kwa maandishi: hii paipu ni ya usukani wa kulia? Akajibu, "Ni universal boss, inaingia zote." Ujumbe huo ninao mpaka leo. Nikalipa pesa yote.

Kufungua bampa na kupachika intakula sitaki kuwachosha nako, ni kazi ya spana na subira tu. Shida ilianza paipu ilipowekwa. Mdomo wake uliingia turbo vizuri, ukashuka, halafu tumbo la ile kona likalalia busta. Si kugusa, kulalia. Fundi, gereji moja ya Industrial Area, akatazama, akachukua nyundo ya mpira, akaniambia, "Mkubwa, nipige denti hapa kidogo, haitaonekana." Nikakataa. Akasema basi atasukuma paipu ya breki kando kwa mkono. Nikakataa tena. Jamaa waliokuwa wamekuja kutazama wakacheka, mmoja akasema, "Huyu ni fundi wa YouTube." Nilinyamaza, lakini nilikasirika. Pesa ni zangu, gari ni langu, na anayebeba watoto ndani yake ni mimi.

Fundi akazungusha hosi ya silikoni inayounga paipu na turbo, paipu ikainuka kiasi, ukabaki mwanya wa kupitisha kadi ya benki. "Si unaona haigusi?" Ni kweli haikugusa. Injini ilikuwa imezimwa.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Injini haikai kimya mahali pake. Imelala juu ya maundingi, zile raba zinazoibeba, na kuna kile kifimbo kinachoishikilia na ukuta wa nyuma isirukeruke. Gari likivuta kwenda mbele, injini inainuka kwa mbele na juu yake inarudi nyuma, kuelekea ukuta. Turbo iko juu, nyuma. Inarudi nayo, na paipu imefungwa kwenye turbo. Busta na paipu za breki zimefungwa kwenye bodi, hizo hazisogei. Raba zikiwa zimechoka, na za gari la umri huo kutoka Japani huwa zimechoka, mwendo huo unazidi.

Nikamwomba binamu yangu akae ndani, avute hendibreki, akanyage breki kwa nguvu, aweke D, aguse mafuta kidogo tu kwa sekunde chache. Mimi nikasimama pembeni ya fenda, si mbele ya gari. Injini ikainama nyuma, na sote tukasikia: tik. Akaachia, ikarudi. Akagusa tena: tik. Nikamulika kwa tochi ya simu. Kwenye paipu ya breki ya juu, ile inayotoka masta, rangi ilikuwa imekwaruzwa, kimebaki kistari cha chuma kinachong'aa, kifupi kama kucha ya mtoto. Hapo gari halijatoka hata gereji. Fikiria matuta ya mtaani na miezi ya Mombasa Road. Chuma cha paipu ya breki ni chembamba, na ndani yake mna mafuta yenye mgandamizo unaolisimamisha gari lako.

Hakuna aliyecheka tena. Fundi akasema tu, "Aah, hii ni ya left."

Dukani walikataa kunirudishia pesa. Sababu yao: "Ulishaifunga." Nitajuaje kama inaingia bila kuifunga? Hapo ndipo kinyongo changu kilipo, wala si kwa fundi. Fundi alifanya anavyofanya kila siku. Muuzaji aliulizwa swali la moja kwa moja akajibu uongo.

Paipu niliyonayo sasa nimeagiza Australia, nchi inayoendesha kushoto kama sisi, na mchoro wake umetengenezwa juu ya gari la usukani wa kulia. Uingereza, New Zealand na Afrika Kusini nako kuna watu wanaolijua tatizo hili. Iligharimu zaidi, na ushuru na VAT ya asilimia 16 vinahesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kwa hiyo usifanye hesabu ya bei ya mtandaoni ukadhani umemaliza. Lakini iliingia bila nyundo. Kona yake ni kali kidogo na inapita chini ya masta badala ya kando ya busta.

Hata hivyo sikuiamini kwa macho. Nilichukua plastisini ya kuchezea ya mpwa wangu, nikabandika donge nene mahali paipu inapokaribia busta na paipu za breki, nikaendesha Southern Bypass, nikakanyaga, nikapita matuta, nikarudi. Plastisini ikibonyezwa inabaki imebonyezwa, haina aibu ya kusema ukweli. Yangu ilirudi na alama hafifu ya kidole changu mwenyewe tu. Nikaitoa, nikafurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Fanya hivyo gari linapokuwa limeshapoa kwanza, kisha ukirudi toa plastisini haraka, maana paipu ikipata moto plastisini inatiririka.

Kwa hiyo ushauri wangu, kaka, ni uleule: usimruhusu fundi akate, usimruhusu apige denti, na zaidi ya yote asiguse paipu ya breki. Mdai muuzaji picha ya paipu hiyo ikiwa imefungwa kwenye gari la usukani wa kulia, la modeli yako, masta ikionekana kwenye picha. Akikutumia picha ya paipu juu ya meza, ondoka. Akisema "universal", ondoka mbio.

Mengine ni ya kawaida. Hakikisha mwisho wa paipu una ule ukingo ulioinuka, la sivyo hosi itachomoka siku unayotaka kumwonyesha mtu gari. Futa mafuta ya injini yaliyobaki kwenye mdomo wa turbo. Mafuta kidogo ni kawaida, lakini silikoni inateleza juu yake. Mafundi wazuri wanapuliza hearspreyi ya saluni ndani ya hosi kabla ya kuivisha, ikikauka inashika. Tumia klempu za bolti, si zile za bisibisi. Baada ya safari chache gari likipoa, zikaze tena.

Pia gari lipimwe kwa moshi, yaani moshi usukumwe ndani ya paipu uonyeshe panapovuja. EJ205, aina mojawapo ya EJ20, inapima hewa kwa sensa iliyo kabla ya turbo, kwa hiyo hewa ikivuja baada ya turbo, kompyuta bado inamwaga petroli ya hewa ambayo haikufika. Utaona moshi mweusi, utasikia harufu ya petroli, na utaanza kulaumu plagi bure.

Vijana, najua mnataka gari liende. Nami nataka. Lakini mtu anatumia maelfu ya shilingi kuongeza mwendo kisha anabishana na fundi kuhusu mia tano ya klempu, na anamwacha ashike paipu za breki kama waya wa kuanikia nguo. Mwendo bila breki hauna sifa yoyote. Na bima yako iambie umebadilisha nini, maana siku ya ajali ndiyo siku watakayofungua boneti.

Ile paipu ya kwanza bado naiuza. Ni alumini, imeng'arishwa, haina hata denti moja. Tatizo ni kwamba Kenya haisajili magari ya usukani wa kushoto, isipokuwa yale ya kazi maalumu, na sijawahi kuona ambulensi ya Forester XT. Kama una ndugu Marekani mwenye hilo gari, nitumie ujumbe, bei tutaelewana.