Mteja kakasirika: ni "annoy", "provoke" au "aggravate"?

SWALI: Mimi ni karani wa kampuni ndogo inayouza parachichi nje, hapa Tukuyu. Lori letu lilikwama Kitonga siku mbili, kontena likaikosa meli, na mnunuzi wetu wa Uholanzi akatutumia barua pepe ya moto. Nikamjibu: "We are sorry for provoking you." Bosi anasema ningeandika "annoying you". Mwenzangu wa mezani anashikilia "aggravating you". Nikifungua kamusi, yote matatu ni kuudhi na kukasirisha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Katika hayo matatu hakuna la kumwandikia mteja, ingawa la bosi wako lina afadhali.

Tuanze na lako, maana ndilo limeshatumwa. "Provoke" ni kuchokoza. Mtoto anayemrushia mbwa mawe hadi mbwa akamrukia, huyo ndiye aliye-provoke. Neno linabeba kitendo cha kumchimba mtu na linamwachia msomaji angojee kitakachofuata: ngumi, matusi, kesi. Ndiyo maana wanasheria hawaachani nalo. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16 ya Sheria, "provocation" ya ghafla inaweza kulishusha kosa la "murder" (kuua kwa kukusudia) likawa "manslaughter" (kuua bila kukusudia), kwa hoja kwamba aliyeua alichokozwa hadi akashindwa kujizuia. Sasa mnunuzi wako kasoma kwamba mlimchokoza. Lori kukwama Kitonga ni balaa, lakini si uchokozi.

"Aggravate" limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya uzito, na kazi yake ya kwanza ni kuzidisha ubaya uliokuwepo. "Dust aggravates her asthma": pumu alikuwa nayo tayari, vumbi likaongezea. Kulitumia kwa maana ya kuudhi si kosa, Waingereza wanafanya hivyo tangu karne ya 17 na kwenye maongezi hutasikia mtu akilalamika. Kwenye maandishi bado wapo wanaolikunjia uso. Barua ya kuomba radhi si mahali pa kubahatisha.

"Annoy" ni kero. Mbu usiku, jirani anayefungulia redio alfajiri, simu inayolia kikaoni. Kwa mtu ambaye matunda yake yamekosa meli, neno hilo linaifanya hasara ionekane ndogo, na tena "for annoying you" inawafanya ninyi muonekane kama watoto watundu waliotumwa kuomba msamaha.

Kinachokuchanganya ni kwamba Kiswahili kina mzizi mmoja unaofanya kazi kubwa: kasirika, kasirisha. Ukitaka kupima hasira unaongeza maneno nje: kidogo, sana, hadi akatetemeka. Kiingereza mara nyingi kinakitia kipimo ndani ya kitenzi chenyewe. "Bother" ni kusumbua tu, hasira haijaingia. "Annoy" na "irritate" ni kukera, ila "irritate" hutumika pia kwa ngozi na macho, kama moshi wa kuni unavyowasha. Ukifika "infuriate" na "enrage" umefika kwenye ghadhabu, mtu haoni wala hasikii. Kwa hiyo "a little enraged" inachekesha, kama kusema mtu kafurika kwa ghadhabu kidogo. Nalo "exasperate" lina sharti lake: lazima jambo liwe limejirudia hadi subira ikaisha. Kontena moja likichelewa halitoshi. La tano, hapo sawa.

Kitenzi "anger" chenyewe ni cha magazetini zaidi: "The decision angered farmers." Katika maongezi watu husema "make someone angry", na mtu hukaa katikati: "The delay made the buyer angry", si "made angry the buyer".

Kosa linaloharibu barua nyingi kuliko yote haya ni mwisho wa neno. Aliyekasirishwa ni -ed, kinachokasirisha ni -ing. Karani anayemdai mteja akiandika "I am very annoying because you have not paid" amejitangaza kuwa yeye ndiye kero. Alitaka "annoyed". Na akiwa "annoyed", ni "with" kwa mtu na "about" kwa jambo: "annoyed with the driver", "annoyed about the delay".

Kuwa mwangalifu na "disturb", tunalipenda kupita kiasi. Kibao cha "Do not disturb" mlangoni mwa gesti kiko sawa. Lakini ukimwambia mtu kwamba barua yake ni "disturbing", umemwambia inatisha, ina jambo la kumkosesha mtu usingizi.

Kwenye simu pia kuna mtego. "Hungry" na "angry" zina irabu mbili tofauti ambazo masikio yetu huziweka zote kwenye "a", kwa hiyo kinachozitenganisha mdomoni mwetu ni "h" peke yake. Ukiimeza, mwenye njaa anakuwa mwenye hasira. Waingereza nao wameziunganisha kwa mzaha wakapata "hangry", mtu anayekasirika kwa sababu ana njaa, na mwaka 2018 neno hilo likaingia kwenye kamusi kuu ya Oxford.

"Mad" liache: Marekani ni mwenye hasira, Uingereza kwa kawaida ni mwendawazimu. "Pissed" liache kabisa. Marekani ni kukasirika, Uingereza ni kulewa, na kote kuwili ni lugha ya kijiweni.

Sasa barua yako. Usimtajie mteja hasira yake, taja kilichotokea. Neno linalokufaa ni "frustrating", ambalo ndani yake mna kukwamishwa: mtu alikuwa na mpango, ukazuiwa. "Inconvenience" nalo linakubalika, ila limechakaa kwa kubandikwa kwenye kila tangazo la umeme kukatika. Na usiweke "if". "We are sorry if you were upset" inasikika kama mnamsingizia kwamba labda hata hakukasirika. Andika hivi:

"We are sorry about the delay. Our truck was stuck at Kitonga for two days and the container missed its ship. We understand how frustrating this is for you."

Mstari unaofuata uwe na jina la meli mpya na tarehe ya kuondoka Dar es Salaam. Kama tarehe huna bado, ipate kwanza kabla ya kubonyeza kutuma.