Mnaoanza kazi chumba cha DEXA, ulizeni kwanza ndo mlaze mgonjwa

Wadogo zangu mnaoingia radiolojia, ukipangiwa chumba cha DEXA, yaani mashine ya kupima uzito wa mifupa, usidhani umepelekwa kupumzika eti kwa sababu mionzi ni kidogo na mgonjwa analala tu dakika chache. Mashine itatoa namba hata kama umemlaza hovyo, na hiyo namba ndo daktari anaandikia mtu dawa za miaka.

Kwanza mjue nani anatakiwa kuwa pale kitandani. Mama wa miaka 65 kwenda juu miongozo mingi inasema apimwe hata kama haumwi popote. Wa chini ya hapo ambaye hedhi ishakata, angalia ana nini cha ziada: mwembamba sana, anavuta sigara, mzazi wake alivunjika nyonga, au hedhi ilikata mapema kabla ya miaka 45. Kwa wanaume miongozo haifanani, ila kuna watu wanasahaulika kabisa, kama yule wa baridi yabisi au pumu kali aliyemeza predinisoloni (dawa ya steroidi) miezi mitatu na zaidi, awe baba awe mama. Na yule bibi aliyeteleza tu sebuleni akavunjika kifundo cha mkono, huyu ananiuma sana jamani, anafungwa hogo anaambiwa pole anarudi nyumbani, hakuna anayejiuliza mfupa umevunjikaje kirahisi hivyo, baadaye analetwa nyonga imevunjika. Ukikutana naye kwenye eksirei mwambie daktari, usiogope kisa we ni mgeni.

Asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza pima fantomu, kile kipande cha kujaribia mashine ambacho namba yake inajulikana, kila siku, hata foleni ikiwa ndefu.

Halafu maswali. Ana mimba? Kapigwa picha ya kunywa bariamu (ile dawa nyeupe ya kuonyesha tumbo kwenye eksirei) siku za karibuni? Kameza kidonge cha kalsiamu asubuhi hii? Kidonge ambacho hakijayeyuka kinaweza kukaa juu ya pingili kikapandisha namba. Mkanda, zipu, funguo, sidiria yenye waya, vyote vitoke. Na shanga za kiunoni, mama zetu wengi wanavaa na zinakaa palepale tunapopima, kwa hiyo funga mlango, ongea nae kwa heshima, mpe muda azivue mwenyewe.

Kwenye nyonga mguu uzungushwe kwa ndani ufungwe vizuri, kile kinundu kidogo cha juu ya paja upande wa ndani kikionekana kikubwa kwenye picha ujue haujazunguka vya kutosha, rudia. Mgongo wa mzee ndo unadanganya zaidi. Ukiona pingili za kiuno zina namba nzuri kuliko nyonga usifurahi haraka, angalia picha yenyewe, pingili iliyobonyea au iliyoota vichomozi inaonekana nzito wakati mfupa ni dhaifu, itolewe kwenye hesabu.

Alama ya T, inayomlinganisha mgonjwa na kijana mwenye afya, ikiwa -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa dhaifu, kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua, hivyo ni vigezo vya WHO tangu 1994. Ila usimpe dada wa miaka 30 wala kaka ambaye hajafika 50 jina la ugonjwa kwa alama ya T, wao tunasoma alama ya Z, inayowalinganisha na watu wa umri wao.

Na akitakiwa kurudia baada ya mwaka au miwili arudi mashine ileile, namba za mashine mbili hazilinganishwi hivihivi, mwambie atunze ripoti yake pamoja na kadi ya kliniki.