Bwawa la Perege Lililoingiwa na Maji ya Choo

SWALI: Ninafuga perege katika bwawa la udongo nyuma ya nyumba, lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Masika yalipozidi, shimo la choo la jirani lilifurika na maji yakaingia bwawani. Sasa bwawa linanuka, maji ni meusi, na kila alfajiri naokota samaki waliokufa. Rafiki yangu anashauri nimwage dawa ya klorini ya kufulia. Je, itasaidia?
Msomaji, Kihonda, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usiimwage. Klorini huunguza matamvua, kwa hiyo itawamaliza samaki waliosalia, na nguvu yake itaishia kwenye uchafu ulio majini kabla haijalifikia tope la chini, ambako ndiko shida ilikolala. Samaki wako wanakufa alfajiri kwa sababu bakteria wanaoozesha kinyesi hicho hutumia oksijeni usiku kucha, wakati mwani hauna jua la kutengenezea nyingine. Bwawa la namna hii hukaushwa.

Anza na jirani. Shimo linyonywe na gari la majitaka, nawe uchimbe mtaro wa kuchepusha maji upande wa juu wa bwawa, la sivyo mvua ijayo itakurudisha hapo hapo.

Usiingie bwawani miguu mitupu, hata kwa dakika moja. Konokono wa maji hueneza kichocho, na mkojo wa panya hueneza homa ya mgunda, ile iliyozuka Ruangwa mwaka 2022. Vaa mabuti marefu na glavu, funika vidonda, oga kwa sabuni ukimaliza, na ukipata homa na maumivu ya misuli katika wiki zinazofuata, mweleze daktari kwamba uliingia katika maji hayo.

Samaki walio hai wahamishie kwenye maji safi kwa wiki 2 hadi 3 kabla ya kuwala, kisha watoe matumbo na matamvua na uwapike mpaka waive kabisa. Waliokufa wafukiwe. Maji ya bwawa yaelekeze kwenye migomba. Usiyapeleke kwenye mchicha wala kwenye mtaro unaoelekea Mto Ngerengere.

Ondoa tope jeusi la juu, uliache bwawa juani mpaka chini pachanike nyufa za kuingiza kidole. Hapo lowesha kidogo, kisha nyunyiza chokaa, gramu 200 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 12 kwa bwawa lako, ukipandisha na kwenye kingo. Wengi hukosea hapa: chokaa ya kilimo ni mawe yaliyosagwa, nayo hupunguza tindikali tu bila kuua vimelea. Unayoihitaji ni ile iliyozimwa, ambayo mafundi hupaka kutani. Huunguza macho na mapafu, basi vaa miwani na barakoa, simama upepo ukiwa mgongoni, na ikikuingia jichoni suuza kwa maji mengi kwa dakika 15, kisha uende hospitali.

Baada ya wiki moja jaza maji, usubiri wiki 2 nyingine ukali wa chokaa upungue. Usinunue vifaranga kwanza. Tumbukiza perege 4 au 5 ndani ya kapu la wavu, na wakiamka salama asubuhi ya siku ya pili, agiza wengine.