Maswali ya Wasomaji: Mgonjwa, Mkulima na Muuza Sigara, Nani Mdau?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania, muuguzi katika hospitali moja mjini Hamburg kwa mwaka wa nne sasa. Chama cha wagonjwa wa kisukari ninachoshirikiana nacho kimetuomba tutoe maoni kuhusu pendekezo la Tume ya Ulaya linalohusu afya. Wenzangu kazini wanasema ni kupoteza muda, kwa kuwa mambo huwa yameshaamuliwa Brussels. Je, maoni hayo husomwa? Na mimi nisiye raia wa Ulaya ninaruhusiwa kuandika? — Muuguzi, Hamburg

JIBU: Nianze na lililo jepesi. Unaruhusiwa. Ukurasa wa Tume wa kutolea maoni uko wazi kwa mtu yeyote, awe raia au asiwe raia, na unaweza kuandika kwa Kijerumani au kwa lugha nyingine yoyote kati ya zile 24 rasmi za Umoja wa Ulaya, ingawa Kiswahili hakimo. Kinachohitaji uraia ni kutia sahihi katika ombi rasmi la wananchi, ambalo likifikisha sahihi milioni moja Tume hulazimika kulijibu.

Kuhusu kusomwa, Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya kinaitaka Tume ishauriane kwa upana na wote wanaoguswa na jambo kabla ya kupendekeza sheria. Kwa kawaida muda wa ushauriano wa umma ni wiki 12, na pendekezo likishapitishwa na Tume hufunguliwa tena dirisha la wiki 8, ndipo hoja zilizokusanywa zipelekwe kwa Bunge la Ulaya na Baraza la mawaziri, ambao ndio watunga sheria. Wenzako wamekosea wanaposema kwamba ni kupoteza muda. Wangesema kwamba maoni si kura, wangekuwa sahihi. Mwaka 2010, Tume ilipokuwa ikirekebisha sheria ya bidhaa za tumbaku, ilipokea majibu zaidi ya 85,000, na sehemu kubwa ilikuwa nakala za maneno yaleyale kutoka kampeni zilizopangwa kupinga masharti mapya. Kama wingi ndio ungeamua, sheria ile isingezaliwa. Ilipitishwa Aprili 2014, na leo pakiti ya sigara inayouzwa Ulaya hubeba onyo la picha na maandishi linalofunika asilimia 65 ya uso wake wa mbele na wa nyuma.

Kwa hiyo usinakili barua ya mfano, hata kama chama chako kitakupa moja. Andika aya mbili tatu za yale unayoyaona wodini, kwa mfano pale mgonjwa anaposhindwa kuelewa maelezo ya dawa au kusoma kipimo chake. Mtumishi wa Tume hana njia ya kuyajua hayo kutoka ofisini kwake, na aya ya namna hiyo ina uzito kuliko nakala elfu za barua moja.

Jihadhari, hata hivyo, usiipeleke hoja mahali pasipo pake. Kifungu cha 168 cha mkataba wa pili, ule unaohusu utendaji wa Umoja, kinaziachia nchi wanachama kazi ya kuendesha na kugharimia huduma za matibabu. Kama kinachokukera ni uhaba wa wauguzi zamu ya usiku, Brussels haina rungu la kumpiga mtu. Mipango ya hospitali nchini Ujerumani iko mikononi mwa majimbo, na Hamburg yenyewe ni jimbo, kwa hiyo mlango wa kubisha hauko mbali na unapofanyia kazi.

Usidhani pia kwamba nafasi ya mgonjwa huishia kwenye fomu ya intaneti. Katika Wakala wa Dawa wa Ulaya, uliohamia Amsterdam kutoka London mwaka 2019, kamati inayoshughulikia dawa za magonjwa adimu imekuwa na wawakilishi wa wagonjwa tangu ilipoanza kazi mwaka 2000. Hao ni wajumbe kamili wanaopiga kura, si waalikwa wa kunywa chai na kusikiliza. Sharti lao ni lilelile la mtaalamu yeyote, yaani kutangaza maslahi waliyo nayo. Sharti hilo si la bure, kwani baadhi ya vyama vya wagonjwa hupokea fedha kutoka kwa watengenezaji wa dawa.

Hata ombi la sahihi hutoa matunda ambayo walioliandika hawakuyapanda. Mwaka 2017 zaidi ya watu milioni moja walitaka kiuagugu cha glaifosati kipigwe marufuku. Tume ilikataa na kiuagugu kikaongezewa miaka mitano, lakini kutokana na ombi hilo ilitungwa sheria ya mwaka 2019 inayotaka tafiti ambazo kampuni huwasilisha kuhusu usalama wa vitu vinavyoingia katika mlolongo wa chakula ziwekwe hadharani. Waliotia sahihi walipoteza walichoomba, na mwaka 2023 kiuagugu kiliongezewa tena miaka kumi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Baba yangu amelima tumbaku hapa Urambo tangu sijazaliwa, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye jani hilo. Nasoma kwamba Ulaya sera ya afya hutungwa kwa kuwashirikisha wadau wote, lakini nasikia kampuni za sigara hukataliwa mlangoni. Je, anayelima na anayenunua si wadau? — Msomaji, Urambo, Tabora

JIBU: Marahaba. Neno lenyewe «wadau» ndilo linalotuponza. Tunalitumia kwa mgonjwa wa mapafu, kwa daktari wake na kwa aliyemuuzia sigara, kana kwamba wote wamekuja kikaoni kutafuta kitu kimoja.

Kampuni hazifungiwi mlango kabisa. Zilijibu ushauriano ule wa 2010 kama wengine. Kinachozibana ni Kifungu cha 5.3 cha Mkataba wa Udhibiti wa Tumbaku wa Shirika la Afya Duniani, kinachozitaka serikali zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya kibiashara ya tasnia ya tumbaku. Umoja wa Ulaya umefungwa na mkataba huo, Kenya na Tanzania pia. Mwongozo wake uliopitishwa Durban mwaka 2008 unasema maofisa wakutane na tasnia hiyo pale tu inapohitajika ili kuidhibiti, na mikutano hiyo iwe ya wazi.

Utekelezaji wake umepinda mara kadhaa. Kamishna wa afya John Dalli wa Malta aliondoka madarakani Oktoba 2012 kwa tuhuma zilizohusu ugoro wa Sweden (tumbaku ya kuweka mdomoni), tuhuma alizozikana. Emily O'Reilly, aliyekuwa mpokeaji mkuu wa malalamiko dhidi ya taasisi za Umoja, aliilaumu Tume kwa sababu idara yake ya afya ilitangaza mikutano yake na watu wa tumbaku ilhali idara nyingi nyingine zilinyamaza.

Kwenye pombe, ambako hakuna mkataba wa namna hiyo, watengenezaji na mashirika ya afya waliketi pamoja katika jukwaa lililoanzishwa mwaka 2007. Mkakati wa Ulaya kuhusu pombe uliisha 2012 bila kupata mrithi, na mwaka 2015 mashirika ya afya yaliondoka kwa pamoja, yakiona kwamba mazungumzo yamekuwa kisingizio cha kutotunga sheria. Binafsi naona walichelewa.

Baba yako si kampuni. Kifungu cha 17 cha mkataba huohuo kinazitaka nchi zikuze njia mbadala za kipato kwa wakulima na wafanyakazi wa tumbaku, na hapo ndipo ana haki ya kudai asikilizwe kwa jina lake mwenyewe, na Dodoma ndiko anakopaswa kudai kabla ya Brussels. Akialikwa kwenye kikao kusema kwa niaba ya wakulima, na aulize kwanza ni nani aliyelipa nauli na posho ya siku hiyo.