Maswali kwa mtaalamu wa maabara na majibu yake: kuitambua sumu ya bakteria kwa seli hai

Mgonjwa anayetumia antibiotiki akianza kuharisha, mara nyingi bakteria aitwaye Clostridioides difficile hushukiwa. Je, haitoshi kumwotesha maabara?

Haitoshi, kwa kuwa bakteria huyo anaweza kukaa utumboni bila kuleta madhara, na aina zake nyingine hazitengenezi sumu kabisa. Kumwotesha huonyesha tu kwamba yupo, ilhali seli hai huitikia sumu yenyewe.

Kipimo hicho cha seli hai hufanywaje?

Kinyesi huchanganywa na bafa (kimiminika kinachozuia asidi isibadilike), huzungushwa kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili vitu vizito vitue chini), kisha maji ya juu huchujwa ili bakteria wabaki nyuma. Kiasi kidogo cha maji hayo hutiwa kwenye vishimo vya sahani ya maabara vyenye seli zilizojitandaza, kwa mfano seli za Vero, ambazo zilitokana na figo la tumbili wa Afrika na kuanza kukuzwa nchini Japani mwaka 1962. Baada ya saa 24 hadi 48 katika nyuzijoto 37, sumu B, mojawapo ya sumu za bakteria huyo, ikiwamo, huwa imezilemaza protini zinazotunza kiunzi cha ndani cha seli, nayo seli iliyokuwa bapa huonekana kwenye hadubini imejikunyata ikawa duara.

Kinyesi kina mengi ya kuua seli. Mtajuaje kwamba ni sumu hiyo?

Hapa ndipo penye uzito wa kipimo chote. Kishimo cha pili hutiwa sampuli ileile pamoja na antitoksini, yaani kingamwili zinazoizima sumu hiyo. Seli zake zikisalimika huku za kwanza zikiviringika, sumu imethibitika, lakini zikifa zote, chanzo kinaweza kuwa kitu kingine. Majibu yasiyo na kishimo hicho, mimi siwezi kuyatia saini.

Sampuli ikikaa mezani hadi jioni?

Sumu huoza upesi katika joto la chumba, hata ndani ya saa 2 inaweza isionekane tena. Iwekwe kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8.

Seli za Vero hupima sumu hiyo tu?

La. Mwaka 1977 Konowalchuk na wenzake nchini Kanada walieleza sumu ya E. coli, bakteria wa utumboni, inayoziua, nayo ikaitwa verotoksini. Sumu ya dondakoo pia huzidhuru.

Kwa nini basi hospitali nyingi hutumia PCR, kipimo kinachonakili DNA mara nyingi ili ionekane?

Kwa sababu ya muda: PCR hujibu kwa saa chache, nasi tunahitaji siku moja au mbili pamoja na fundi wa kuzitunza seli. Hata hivyo, PCR hutafuta jeni ya sumu, na mtu aliyebeba tu bakteria hao bila sumu kutengenezwa anaweza kupewa majibu chanya na kuanzishiwa dawa asiyoihitaji.